Harry Brearley: Mwosha chupa aliyekiondolea kisu kutu

Kata ndimu au embe bichi kwa kisu cha chuma cha kawaida, kiache mezani bila kukifuta, kisha urudi baada ya saa chache. Bapa litakuwa limegeuka jeusi, na pembeni madoa mekundu ya kutu yameanza kujitokeza. Wasikilizaji wetu wengi wanajua dawa yake: jivu, mchanga au msasa, halafu mafuta kidogo. Kesho kutwa kazi inaanza upya.

Hata matajiri wa Ulaya waliishi hivyo hivyo na visu vyao hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyebadilisha mambo hakuwa profesa wala mtoto wa mwenye kiwanda. Alikuwa Harry Brearley, kijana wa Sheffield aliyeacha shule akiwa na miaka 12 na kuanza maisha ya kazi kwa vibarua na kuosha chupa. Katika makala hii tunaeleza alivyofika hapo, kwa nini aligombana na waajiri wake, na uvumbuzi wake una maana gani kwa kisu ulichonacho nyumbani.

Mji wa visu na pembe zetu

Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umetengeneza visu kwa karne nyingi kabla Brearley hajazaliwa. Kazi iligawanywa: mmoja alifua bapa, mwingine alilinoa kwenye jiwe kubwa linalozunguka, mwingine alitia mpini. Kila mmoja alikuwa fundi wa sehemu yake, na wengi walifanya kazi katika vyumba vidogo vya kupanga.

Hapo kwenye mpini ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Visu vya mezani vya bei ya juu vilitiwa mipini ya pembe za ndovu. Katika karne ya 19, Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo katika pwani yetu. Misafara ilizitoa bara, ikapita Tabora hadi Bagamoyo, zikiwa mabegani mwa wapagazi, kisha zikavuka kwenda Unguja na kupakiwa melini. Sehemu ya shehena iliishia katika minada ya London, na mafundi wa mipini walinunua huko. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield ilijulikana sana kwa ghala lake la pembe. Tunapohesabu gharama za kisu kizuri cha mezani cha wakati ule, tusiwasahau ndovu na wale wapagazi.

Kisu hicho cha fahari kilikuwa na taabu mbili. Ya kwanza ni bapa. Chuma cha kawaida kiliguswa na siki, limau au tunda, kikaingia weusi na kukitia chakula ladha ya chuma. Ndiyo maana wenye nacho walikuwa na visu vya fedha kwa ajili ya samaki na matunda. Vile vya chuma, mtumishi alivisugua kila baada ya mlo kwa unga mkali kwenye ubao uliovikwa ngozi. Taabu ya pili ni mpini. Mara nyingi msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ulishikizwa kwa ulimbo ulioyeyushwa. Ukitia kisu kizima katika maji ya moto, ulimbo unalainika na pembe inapasuka. Kwa hiyo visu vilisimamishwa katika jagi, bapa ndani ya maji na mpini juu.

Mafundi walijaribu kukivika kisu nguo. Walikipaka fedha, wakakipaka mafuta na rangi. Lakini tatizo la nguo yoyote inayotoka nje ni hili: makali ndiyo yanayogusa chakula, na makali ndiyo yanayonolewa. Ukinoa mara moja tu, nguo imekwisha mahali palepale inapohitajika.

Kutoka karakana hadi maabara

Harry Brearley alizaliwa tarehe 18 Februari 1871 katika familia maskini yenye watoto wengi. Baba yake, John, aliyeyusha chuma katika kiwanda cha Thomas Firth and Sons. Chuma kiliyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo, na wanaume waliviopoa kwa koleo kutoka kwenye tanuru la moto mkali. Mtoto aliyekulia karibu na kazi hiyo alijifunza kwa macho yale ambayo wengine waliyasoma baadaye vitabuni.

Baada ya kuacha shule alifanya vibarua vya hapa na pale, kisha akaingia Firth. Alipata nafasi ya kuosha chupa katika maabara ya kemia, kazi ya chini kabisa mle ndani. Mkuu wa maabara, James Taylor, alimwona kijana huyu ana kichwa, akamhimiza asome hesabu na kemia. Mchana Brearley aliosha chupa, jioni akahudhuria masomo na kujisomea nyumbani. Polepole akawa msaidizi wa kupima, kisha mpimaji kamili, mtu anayeweza kukwambia ndani ya kipande cha chuma mna kaboni kiasi gani na uchafu kiasi gani. Mwaka 1895 alimwoa Helen Crank. Mwaka 1902, kwa kushirikiana na Fred Ibbotson, alitoa kitabu cha kuwafundisha wengine kupima malighafi za viwanda vya chuma.

Mwaka 1904 kampuni ilimpeleka Riga, mji ambao leo ni makao makuu ya Latvia lakini wakati huo ulikuwa chini ya Urusi. Alikwenda kama mkemia, akapanda hadi kuwa meneja wa kiwanda. Tunakipa uzito kipindi hiki, kwa sababu ndipo mtu wa chupa alipokutana uso kwa uso na moto. Chuma cha kukatia hupashwa hadi kiive kwa wekundu, kisha kinachovywa ghafla katika maji au mafuta ili kiwe kigumu. Joto likipungua, kinabaki laini. Likizidi, kinakuwa kama kioo na kuvunjika. Wafua chuma walipima joto kwa jicho, kwa rangi ya moto. Brearley aliliheshimu sana jicho hilo la fundi, lakini alitaka pia kipimo. Alihusika kutengeneza vidonge vidogo vinavyoyeyuka kwenye joto linalojulikana, vya kuwekwa tanuruni karibu na kazi: kidonge kikiyeyuka, fundi anajua joto limefika. Mwaka 1911 alitoa kitabu kizima kuhusu kukipasha moto chuma cha zana.

Alipokuwa amerudi Sheffield, mwaka 1908, alikabidhiwa maabara mpya ya utafiti iliyoanzishwa kwa pamoja na kampuni za Firth na John Brown.

Agosti 1913

Mwaka 1912 watengenezaji wa bunduki walileta shida yao. Mitutu ilikuwa inalika kwa ndani kutokana na gesi ya moto ya baruti. Brearley akafikiria kuongeza kromiamu, madini yanayofanya chuma kistahimili joto. Baada ya majaribio kadhaa, tarehe 13 Agosti 1913 aliyeyusha katika tanuru la umeme chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba alitupa vipande vya majaribio jalalani, halafu siku moja akaona kimoja kinang'aa katikati ya vyenye kutu. Ni hadithi tamu, lakini kazi ya maabara inatosha kueleza mambo. Ili kuiona chembe ya chuma kwa darubini, mpimaji hukisugua hadi king'ae kisha hukitia tindikali ili ikile kidogo. Chuma hiki kilikataa kuliwa. Brearley alikijaribu kwa siki na maji ya limau, nacho kikabaki kinang'aa.

Bunduki ingeweza kusubiri. Mtu mwingine angeandika ripoti ya mitutu na kuendelea na kazi. Brearley, mtoto wa mji wa visu, aliona meza ya chakula.

Siri yake inaeleweka bila darubini. Kromiamu iliyomo ndani ya chuma inapogusa hewa inashikana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Unywele mmoja ni mnene kuliko utando huo mara maelfu mengi. Utando huo unazuia maji na siki visifike kwenye chuma. Ukiukwaruza, au ukinoa kisu, chuma kipya kinakutana na hewa na utando unajifunga tena wenyewe. Kwa kawaida kromiamu ikipungua chini ya asilimia 10 au 11 hivi, utando hautoshi na kutu inapenya. Kwa hiyo nguo ya kisu sasa ilitoka ndani ya chuma chenyewe, na kunoa hakukuiondoa.

Kisu kisichokata

Wakubwa wa Firth hawakushawishika kwamba kuna biashara katika visu. Brearley alihangaika mwenyewe. Mafundi wa kwanza waliopewa chuma hicho walilalamika kwamba ni kigumu kukifua na kinaharibu zana zao, na bapa zilizotoka hazikuwa na makali. Mjini akataniwa kuwa amevumbua visu visivyokata.

Kosa halikuwa katika chuma. Mafundi walikipasha kwa joto walilolizoea, lile la chuma cha kawaida, linalokaribia nyuzi 800 za selsiasi. Chuma cha kromiamu kinataka joto la juu zaidi, karibu nyuzi 1,000, ndipo kikichovywa kinakuwa kigumu. Jicho lililozoea rangi moja ya moto kwa miaka 30 halikubali kirahisi kuambiwa rangi hiyo haitoshi.

Mwaka 1914 Brearley alikutana na Ernest Stuart, meneja katika kampuni ya visu ya R. F. Mosley. Stuart hakuamini, lakini alijaribu. Mara ya kwanza ilishindikana, na ya pili pia. Mara ya tatu, Brearley akiwa amesimama pale kushauri juu ya joto, visu vilitoka vizuri. Brearley mwenyewe alikuwa akikiita chuma kisichoshika kutu. Stuart, baada ya kukijaribu kwa siki, ndiye aliyeleta jina la chuma kisicho na doa, na ndilo lililozaa neno stenlesi tunalolitumia leo sokoni. Kwa maoni yetu Stuart hatajwi inavyostahili. Bila fundi aliyekubali kushindwa mara mbili, kile chuma kingebaki kipande cha maabara.

Nani mwenye haki?

Visu vilipoanza kuuzika, kampuni ikaamka. Ukazuka ugomvi juu ya nani mwenye uvumbuzi. Brearley alishikilia kwamba kwa makubaliano yao alikuwa na haki ya nusu. Kampuni iliona kwamba kilichovumbuliwa katika maabara yake na mwajiriwa wake ni mali yake. Mwaka 1915 Brearley akaondoka na kwenda kampuni nyingine ya chuma hapohapo Sheffield, Brown Bayley's.

Hakuondoka mikono mitupu. Kwa msaada wa mzee mmoja wa London aliyeitwa John Maddocks, aliomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Marekani, akaipata tarehe 5 Septemba 1916. Hapo Firth walilazimika kukaa naye mezani, na mwaka 1917 pande mbili zikaunda ushirika wa pamoja wenye majina yote mawili, Firth na Brearley. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na chuma cha aina hiyo kilihitajika kwa vali za injini za ndege, hivyo visu vya mezani vilisubiri hadi amani.

Kwa haki tuseme pia kwamba Brearley hakuwa peke yake duniani. Mfaransa Pierre Berthier alikuwa ameona mwaka 1821 kwamba chuma chenye kromiamu kinastahimili tindikali. Wajerumani wa kampuni ya Krupp walikuwa na chuma chao chenye kromiamu na nikeli mwaka 1912, na Mmarekani Elwood Haynes naye alifanya kazi ya karibu sana na hiyo. Alichofanya Brearley ni kukiona chuma hicho kama kisu, na kukipigania hadi kikakata.

Aliyemrithi katika ile maabara, William Hatfield, alileta mwaka 1924 chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Hicho ndicho kinachotumika sana kwa sufuria, vijiko na masinki. Ukitaka kuzitofautisha familia hizi mbili, chukua sumaku. Kwenye bapa la kisu cha stenlesi itanasa vizuri. Kwenye sufuria nyingi za aina ya Hatfield haitanasa, au itanasa kidogo tu. Kisu kinahitaji chuma cha Brearley kwa sababu ndicho kinachoweza kufanywa kigumu kwa moto.

Kisu chako wewe

Ushindi wa bapa haukumaliza taabu ya mpini. Bapa halikuhitaji tena kusuguliwa kwa unga, lakini mpini wa pembe na ulimbo bado uliogopa maji ya moto. Sheffield ilizidi kutumia mipini ya seluloidi, aina ya plastiki ya mwanzo iliyochorwa mistari ifanane na pembe. Hadi leo mpini ndio unaokufa kwanza, na ndio ambao mwenye kisu anaweza kuubadilisha mwenyewe.

Kama kisu au panga lako ni la chuma cha kawaida, ile rangi nyeusi ya dukani inalilinda hadi linunuliwe, haizidi hapo. Ikianza kubanduka, isugue yote kwa msasa kufuata urefu wa bapa, osha, kausha vizuri, paka mafuta kidogo. Unaweza pia kulifuta bapa lote kwa siki na kuliacha liwe jeusi kwa usawa, kisha ulioshe na kulipaka mafuta. Weusi huo sawasawa si kutu, nao unaipunguzia kutu kasi.

Kwa mpini, tumia mti uliokauka kabisa, maana mbichi utasinyaa na kisu kitacheza. Wengi wetu tunauchoma msuka kwenye moto na kuupenyeza katika mti. Ukifanya hivyo, zungushia bapa kitambaa chenye maji mengi, na usiache joto lifike kwenye makali. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu umeondoka, na hapo hata kinoo hakitakusaidia. Mashine ya kunolea yenye kasi hufanya madhara hayohayo, kwa hiyo chovya bapa kwenye maji kila baada ya kulipitisha. Mpini mpya upake mafuta ya kitani mara kadhaa, kidogo kidogo, ukiacha yakauke katikati. Tambara lenye mafuta hayo usilikunje na kulitupa pembeni, kwa sababu linaweza kushika moto lenyewe. Litandaze nje likauke.

Na stenlesi nayo inashika kutu ikidhulumiwa. Chumvi, dawa ya kufulia nguo nyeupe, au unyevu uliojificha chini ya mpini na ndani ya ala ya ngozi, vyote vinautoboa ule utando usipate hewa ya kujifunga. Ioshe, ikaushe, iache ipumue.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1920 taasisi ya wataalamu wa chuma ya Uingereza ilimpa Brearley medali ya dhahabu ya Bessemer, na mwaka 1925 akawa mmoja wa wakurugenzi wa Brown Bayley's. Fedha alipata, ila hakuacha kuwatetea watu wa tanuruni. Katika maandishi yake alisisitiza kwamba mfua chuma asiye na cheti anaweza kujua jambo ambalo mwenye vipimo halijui, na aliwachoka wakubwa wa viwanda waliodhani kipimo kinaweza kuchukua nafasi ya mtu.

Mwaka 1941 alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo akaanzisha mfuko wa hisani wa Freshgate kwa ajili ya watu wa Sheffield na maeneo ya jirani, ili wengine wapate nafasi ya kusoma, kusafiri na kufurahia sanaa, nafasi ambazo yeye alizipigania akiwa mtoto wa kuosha chupa. Alifariki dunia tarehe 14 Julai 1948 huko Torquay, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 77. Katika mtaa wa Howard, katikati ya Sheffield, sura yake imechorwa kubwa ukutani.